Pindo la Ngazi

Kwa miaka miwili mimi na dada yangu tuligombana kwa kupiga kelele, na mtaa mzima ulitusikiliza bure. Yeye anakaa juu kabisa ya mteremko, kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe. Mimi niko chini, kwenye chumba cha cherehani tulichokianzisha pamoja tukiwa wasichana wenye viuno vya kuonewa wivu. Mimi nakata na kushona. Yeye anapinda mapindo, anatoboa vitundu vya vifungo na kunikosoa. Watu wanatuita Mama Juu na Mama Chini, na watoto, ambao hawana adabu, Bibi Juu na Bibi Chini.

Siku aliyoteleza pale mteremkoni, wakati wa mvua kubwa, hakuvunjika kitu isipokuwa heshima. Alishuka kwa makalio kutoka mlangoni kwake mpaka bombani, mbele ya foleni ya watu wenye ndoo, na mmoja wao akacheka. Alipandishwa kwa kushikwa mikono huku na huku, akaapa kwamba hashuki tena mpaka mteremko umwombe radhi. Tulidhani ni hasira za wiki moja. Wiki ikapita, mvua ikapita, mwaka ukapita, magoti nayo yakaunga mkono kiapo. Ikawa hata akitaka kushuka, hawezi.

Kazi iliendelea kwa mtindo wetu. Nguo zilipanda kwenye kapu mgongoni mwa mtoto yeyote aliyekuwa akielekea huko, zikashuka na vitundu vyake pamoja na maoni.

"Mama Chini! Kola hii umeikata umefumba macho?"

"Toboa vitundu, Dada, kola niachie mwenyewe!"

"Nikuachie uaibishe jina letu?"

Wauza mboga walikuwa wanaacha kupunja mizani ili watusikilize. Hata watu walioachana na wake zao walijipanga kwenye ukuta wa bomba jioni, kana kwamba wamekuja kusikiliza redio.

Nilikuwa nacheka pamoja nao, lakini raha sikuwa nayo. Kigoda chake kilikuwa palepale mbele ya cherehani yangu, na kwa miaka miwili sikuthubutu kukiwekea hata kipande cha bitana. Nilimkumbuka dada yangu. Nilikuwa nikipanda kwenda kwake kila Jumapili kwa kupumzika mara nne njiani, lakini kumtembelea mtu si sawa na kukaa naye kutwa mkigombea mkasi. Nilitaka ashuke. Hilo tu ndilo nililokuwa nalitaka katika mji huu.

Sasa, mjukuu wangu ninayeishi naye ana miaka kumi na tisa, na mtaani wanamwita Inspekta kwa sababu hajawahi kuuliza swali moja likamtosha. Siku moja akaja na wenzake kama kumi hivi, wamekaa barazani kwangu wameinamia simu zao, wakaniambia wameunda kikundi cha kuutengeneza mtaa. Nikawaita Kikosi cha Simu. Nikasema vijana wa siku hizi wakitengeneza kitu, ukitazame kwa mbali maana ukikisogelea kinaanguka. Nilisema hivyo kwa sauti ya kawaida yangu, yaani mtaa wote ulisikia.

Hawakununa. Ofisi ya mji ilikuwa imeahidi vifaa vya mradi mmoja kwa kila mtaa, saruji, mchanga na mawe, kwa sharti kwamba vijana ndio watoe nguvu na wakazi wenyewe ndio wachague nini kijengwe. Basi Inspekta na kikosi chake wakapita nyumba kwa nyumba na daftari. Mama, unasumbuliwa na nini ukitoka nje? Mzee, kitu gani kwanza? Watu ambao hawajaulizwa chochote tangu siku ya ndoa zao walizungumza mpaka daftari likajaa. Mwisho wa yote yakabaki mambo mawili: ngazi za mteremkoni, na geti la mwenyekiti.

Mwenyekiti wa mtaa wetu ni mtu mwema mwenye tumbo la heshima na ndoto moja. Alitaka tujengewe geti kubwa pale tunapoingilia, liandikwe maneno ya kukaribisha wageni, na chini yake, kwa herufi ambazo hazikuwa ndogo sana, jina la aliyelibuni.

"Wageni gani hao?" nilimuuliza.

"Watakaokuja kuona geti."

Siku ya kuchagua, vijana walichora duara mbili kubwa za chaki kwenye uwanja wa bomba. Unayetaka geti ingia hii, unayetaka ngazi ingia ile, na Inspekta anahesabu vichwa. Nilidhani tutashinda kwa mbali, kumbe mwenyekiti alikuwa amekuja na wapwa. Alipomaliza kuhesabu, Inspekta alihesabu tena, kisha akakuna kichwa. Arobaini na mmoja huku, arobaini na mmoja kule.

Ndipo sauti ikashuka kutoka juu.

"Ngaziii!"

Tukainua macho. Dada yangu alikuwa amesimama mlangoni kwake ameshika nguzo ya baraza, kilemba kichwani, mkono mmoja juu kama mwanafunzi aliyejua jibu.

"Haihesabiki hiyo!" mwenyekiti akasema. "Kanuni ni kusimama ndani ya duara. Anayetaka ngazi ashuke aingie kwenye duara ya ngazi."

"Mwenyekiti," Inspekta akamwambia kwa upole, "angekuwa na uwezo wa kushuka, tungekuwa tunajenga nini?"

Uwanja ukaangua kicheko, mwenyekiti mwenyewe akajikuta anacheka, na hapo geti likafa. Kijana mmoja alipanda mbio na kipande cha chaki akamchorea dada yangu duara miguuni, ili mambo yawe halali.

Fundi wa kikosi alikuwa kijana mwashi tunayemwita Mrefu, ambaye kila suruali yake nimeiunga kitambaa chini. Jioni ileile alikuja akainama kupita mlangoni kwangu.

"Bibi, nina shida. Miguu yangu haifai kupimia ngazi. Nikijenga kwa goti langu, wewe utaona ukuta. Nani anajua miili ya mtaa huu kuliko wewe? Nipimie wazee, uniandikie kipandio kimoja kiwe na kimo gani."

Sifa ni kitu kibaya. Nilivimba kichwa hapohapo. Nilichukua futi yangu shingoni, nikachukua vitambaa vilivyokunjwa, nikapita kwa wazee saba. Nilimwekea kila mmoja kitambaa kimoja chini ya wayo, kisha cha pili, kisha cha tatu, mpaka goti lenyewe liseme basi, halafu nikapima lile fungu. Dada yangu nilimpima wa mwisho, mlangoni kwake, mkono wake mmoja kwenye nguzo na wa pili umekandamiza kichwa changu kama mpini.

"Sentimita kumi na nne," nikasema. Ndiye aliyekuwa wa chini kuliko wote.

"Kumi na nne. Andika sasa hivi, hicho kichwa chako kinavuja."

Niliandika. Nikapiga kamstari kangu kadogo chini ya tarakimu, kama nifanyavyo siku zote, nikashuka nikampa Mrefu ile karatasi.

Walijenga kwa Jumamosi sita. Nilikaa mlangoni na kazi yangu mapajani nikiwa tayari kuona uvivu, na uvivu haukuja. Wasichana wa kikosi walipanga mstari mteremko mzima wakipokezana mawe mkono kwa mkono. Wengine walichota mchanga na ndoo. Mrefu alikuwa akiweka pima maji juu ya kila kipandio, anaitazama, anabonyeza jiwe kwa kisigino cha mwiko, anaitazama tena. Karatasi yangu ilikuwa imegongomelewa kwenye ubao, na kabla ya kuanza kipandio kipya alikuwa anaisoma, ingawa kufikia hapo aliijua kwa moyo. Simu zilikuwa zimepangwa kwenye dirisha langu zikilindwa na mimi. Nilizidi kuwasema, lakini Jumamosi ya nne nilijikuta nimewapelekea chai bila kuombwa, nikajifanya imebaki.

Vipandio ishirini na viwili, vipana, kila kimoja chenye kina cha kutosha miguu miwili kusimama mmoja mbele ya mwingine, na bomba la kushikilia upande mmoja. Kwa kweli zilikuwa nzuri. Niliona fahari mpaka nikashona utepe wa kukata, mwekundu, wenye pindo pande zote mbili.

Siku ya kufungua, mwenyekiti alivaa koti. Mpango ulikuwa dada yangu awe wa kwanza kushuka, akute utepe huku chini, aukate kwa mkasi wetu wa zamani. Alitokea mlangoni amevaa gauni la buluu ambalo nilimshonea kwa ajili ya siku hiyo. Watu wakapiga makofi. Akashika bomba, akanyoosha mguu, akauteremsha.

Mguu ukabaki unaelea. Akauteremsha tena kidogo, goti la pili likatetemeka, akaurudisha haraka. Akajaribu mguu mwingine. Makofi yakapungua, yakaisha kabisa. Niliona uso wake kutoka kule chini, na macho yangu ni ya kuingizia uzi kwenye sindano, hayanidanganyi. Dada yangu aliogopa, na aliona haya kwamba tunamwona akiogopa.

Kisha akafanya anachofanya siku zote.

"Hizi ngazi mmewajengea twiga?" akapiga kelele, akageuka, akaingia ndani na kufunga mlango.

Mwenyekiti hakungoja hata vumbi litulie. "Nilisema mimi! Kazi ya watoto hii. Geti halina haja ya kupandwa! Mifuko ya saruji iliyobaki haiguswi tena na kikosi hiki, na ofisi ya mji nitawaambia mtaa huu usipewe tena mradi wa vijana."

Wale wale waliopiga makofi muda si mrefu wakaanza kutikisa vichwa. Hata mimi mdomo ulikuwa umeshafunguka kusema si niliwaambia. Mrefu alikuwa amepiga magoti kwenye kipandio cha kwanza na futi yake ya chuma. Akapima, akapima cha pili, akachomoa karatasi yangu mfukoni.

"Kumi na nane," akasema. "Karatasi inasema kumi na nane. Sijui nimekosea wapi. Labda ni mimi, nilitandaza saruji vibaya. Samahanini, wazee wangu."

Akaikunja karatasi. Lakini nilikuwa nimeshaiona, mwandiko wangu mwenyewe, kumi na nane, na chini yake kale kamstari.

Nieleze. Fundi cherehani haandiki kipimo cha mwili kama kilivyo. Ukimpima mtu mguu ukapata urefu fulani, unaandika huo pamoja na cha kukunja chini, sentimita nne za pindo, la sivyo suruali itamfika mahali pa kuchekesha. Kamstari maana yake ni pindo limo. Nimefanya hivyo miaka arobaini na mitatu, na siku hizi kichwa hakiulizwi, mkono unajumlisha wenyewe. Nilisema kumi na nne kwa mdomo, nikaandika kumi na nane kwa mkono. Nilikuwa nimeziwekea ngazi pindo.

Na hakuna aliyejua. Katika mtaa mzima ni watu wawili tu wanaoweza kusoma kale kamstari, mmoja ni mimi, mwingine amejifungia ndani. Ningeweza kujikausha. Nasema ukweli wangu, nilijikausha. Nilikunja utepe wangu mwekundu, nikarudi chumbani, nikakanyaga cherehani bila kitambaa ndani.

Inspekta aliingia akakaa chini, si kwenye kigoda, hajawahi kukikalia. Hakuuliza swali hata moja, na nilipoona hivyo nikashikwa na hofu.

"Bibi," akasema mwishowe, "labda ulisema kweli. Kwamba tukitengeneza kitu mtu akitazame kwa mbali."

Nilijisikia mdogo kuliko sindano. Nikainuka, nikachukua mkongojo nisiouhitaji ili nionekane mgonjwa nionewe huruma, nikapanda ngazi zote ishirini na mbili bila kupumzika hata mara moja. Zilinifaa mimi barabara. Hilo nalo liliniuma.

Dada yangu alifungua mlango macho mekundu. Nikamwambia yote kwa kunong'ona, mkono, kamstari, sentimita nne. Alinitazama. Midomo ikaanza kumcheza, mabega yakafuata, akacheka mpaka akashika ukuta, akakaa chini na gauni lake jipya, machozi yanamtiririka.

"Pindo!" alikuwa anasema. "We mtoto! Umeupindia mlima!"

"Sawa, nimekwambia, yameisha."

Akaacha kucheka. "Umeniambia mimi. Mimi nimebomolewa nini? Waambie waliobomolewa jina."

"Dada, nitaiweka wapi sura yangu?"

"Pale pale ulipokuwa unaiweka wakati wa kuwasema wale watoto. Toka nje useme, la sivyo nasema mimi, na unajua mimi huwa naongeza."

Namjua. Nikatoka. Nikasimama mahali pake, ndani ya duara ya chaki ambayo haikuwa imefutika vizuri, nikashika nguzo yake ya baraza. Sikuwahi kuuona mtaa kutoka pale kwa mtazamo huo, watu wote bombani wakiwa wadogo na wanasubiri kuambiwa kitu. Nikajaza hewa kifuani.

"Jamani! Kosa ni langu!"

Vichwa vikainuka. Sauti ya Mama Chini kutoka juu, hiyo hawajaisikia tangu mtaa uanze.

"Mrefu hakukosea! Mimi nilipima kumi na nne, nikaandika kumi na nane, nimeziwekea ngazi pindo kama suruali! Kikosi kimejenga sawasawa na karatasi, pima maji inashuhudia! Nimewasema vijana hawa miezi mitatu, na aliyeharibu ni bibi mzima! Naomba radhi!"

Mtu mmoja, nadhani ni yule yule aliyecheka siku ya kuteleza, akaangua kicheko, na safari hii bomba lote likamfuata. Niliwaacha wacheke. Nilistahili. Inspekta alikuwa amesimama mlangoni kwangu mikono mdomoni, na Mrefu amekaa kwenye kipandio cha kwanza ameinamisha kichwa magotini, mabega yanacheza, sikujua kama analia au anacheka.

"Na saruji?" Inspekta akapaza sauti. Alikuwa amerudi kuwa Inspekta. "Bibi, nguo ikiharibika pindo unafanyaje? Unaitupa?"

"Nani atupe? Naitia kiraka!"

Mrefu akainua kichwa. Akakitazama kipandio alichokikalia, akaweka kiganja katikati ya kimo chake. "Nusu," akasema. "Kila kipandio tunakiwekea nusu mbele yake, upande wa bomba la kushikilia. Tisa, tisa. Kina kinatosha. Mwenye miguu mirefu apite huku, mwenye mifupi apite kule. Mwenyekiti, tunaomba ile saruji."

Mwenyekiti akaanza kusema habari za geti. Nami kule juu nikamwita kwa heshima zote.

"Mwenyekiti! Nina daftari lina kiuno chako cha miaka kumi na mbili! Mwaka kwa mwaka! Sisemi nitalisoma, fundi hasemi siri za wateja. Nasema tu ninalo!"

"Na mimi ndiye niliyeyaachia yale mapindo!" dada yangu akadakia nyuma yangu.

Saruji ilitoka.

Viraka vilichukua Jumamosi mbili, na safari hii kipimo kiliandikwa na Inspekta, kikasomwa kwa sauti na watu watatu. Dada yangu alishuka Jumatatu asubuhi bila kutangaza, bila utepe, bila koti la mwenyekiti. Niliinua macho kutoka kwenye cherehani nikamwona katikati ya mteremko, mkono mmoja kwenye bomba, pembeni yake mtoto wa miaka mitatu anayeshuka kwa njia ileile, wote wawili wanahesabu. Sikutoka kumpokea. Niliogopa nikitoka nitalia akapoteza hesabu.

Alifika arobaini na nne. Akaingia, akapumua, akatazama chumba kona kwa kona, akakiona kigoda. Alikifuta kwa kiganja ingawa hakikuwa na vumbi, maana nilikuwa nakifuta kila asubuhi, akakaa. Akanipokonya shati mkononi, akageuza vitundu nilivyojitobolea mwenyewe wiki ile.

"Nani kakufundisha upuuzi huu?" akasema, taratibu tu, kwa kuwa nilikuwa hapo hapo.

"Wewe," nikamjibu.

Tukagombana hivyo mpaka adhuhuri, magoti yakigusana, kwa sauti ambayo haikufika hata barazani. Muuza mboga alikuja akachungulia mlangoni ana wasiwasi. Alisema watu wa bombani wamemtuma aulize kama tumekosana, maana tangu asubuhi hatusikiki.